Mwanya wa Bwana Manuchehr

Damu ilionekana kwenye tufaha. Walikuwa wamekaa zuliani, samawari inachemka pembeni, na Bwana Manuchehr aling'ata tufaha lake halafu akaliweka sahanini haraka haraka, upande ulioliwa akaulaza chini. Akadhani hajaonwa. Mtu umeishi na mwanamke tangu ndevu zako zikiwa nyeusi tii, bado unadhani unaweza kumficha tufaha!

"Geuza hilo tunda," alisema Mahrokh, mkewe.

"Tunda gani, nuru ya macho yangu?"

"Hilo ulilolifunika kwa kiganja. Usinifanye mtoto, Manuchehr."

Akaligeuza. Palikuwa na michirizi myekundu kwenye nyama nyeupe ya tunda, na Mahrokh akaitazama. Kisha akanyanyuka, akachukua simu, akampigia daktari wa meno aliyeko ghorofani kule mtaa wa Chahar Bagh. Manuchehr akamsikia akisema, "Uchunguzi wa kawaida tu, binti yangu, lakini hajatia mguu kwa daktari wa meno siku nyingi mpaka naona haya kukutajia." Akaanza kutafuta kisingizio hapo hapo.

Nami nitawaambia kwa nini, msije mkadhani ni woga wa sindano. Bwana Manuchehr alikuwa muuza vitambaa kwenye soko kuu la Isfahani, lakini vitambaa vilikuwa vya kumpatia mkate tu. Roho yake ilikuwa kwenye nai, filimbi ya mwanzi. Na nai yetu sisi haipulizwi kwa midomo kama filimbi za watu wengine. Ncha yake ya shaba unaipachika kwenye meno mawili ya mbele ya juu, ulimi unakuja kwa nyuma kuielekeza pumzi, na mdomo wa juu unafunika yote. Wapo wanaohangaika ujana wao mzima kutafuta mahali pa kuishikia. Manuchehr alizaliwa na mwanya pale pale panapotakiwa, mwanya mzuri jamani, na Mahrokh aliwahi kukiri kwamba siku ya kwanza kumwona hakuona pua wala macho, aliona mwanya.

Sasa tangu majira ya joto jino la kushoto la mwanya huo lilikuwa likicheza. Si sana. Akiigusisha nai alilisikia likisogea, na mara nyingine shaba ilitoka na damu. Hakumwambia mtu. Alijua daktari akiliona atasema ling'olewe, na jino hilo likitoka, nai imekwisha. Na nai ikiisha, hakujua atakuwa na nini cha kumpa Mahrokh kila Ijumaa asubuhi.

Maana hivyo ndivyo walivyoishi. Kila Ijumaa, baada ya mkate na jibini, alimpigia mkewe nyimbo mbili. Akimaliza humuuliza, "Umefurahi?" naye Mahrokh humjibu, "Mkono wako usiume." Kwetu hatusemi ahsante kavu, mtu akikutendea wema unauombea mkono wake salama. Mahrokh alijibu hivyo miaka yote, hakukosa hata Ijumaa moja.

Basi Jumanne ya miadi ikafika. Chumba cha kusubiria kilikuwa kimejaa, na Manuchehr alipoitwa jina alisimama, akaweka mkono kifuani, akamgeukia bibi mmoja mnene aliyekaa karibu na mlango.

"Tafadhali, bibi, tangulia wewe. Mimi sina haraka."

"Hasha! Zamu ni yako, bwana."

"Wallahi siingii mbele yako."

"Niwe sadaka yako, ingia bwana."

"Mimi ndiye niwe sadaka yako. Kwa roho ya marehemu baba yangu, tangulia."

Bibi akatangulia. Alipotoka, Manuchehr akaitwa tena, akampisha mwalimu mstaafu mwenye shavu lililovimba. Mwalimu alipotoka, akageuka kushoto na kulia akitafuta wa kumpisha, wote wakakataa, naye akamwomba atangulie fundi aliyekuwa juu ya ngazi akitengeneza taa ya dari. Fundi hakuwa mgonjwa wa kitu chochote! Alicheka mpaka ngazi ikayumba.

"Watu wenye adabu namna hii wamekwisha," alisema mwalimu, ameshika shavu lake, na chumba kizima kikaitikia. Manuchehr akainamisha kichwa kwa unyenyekevu huku akiutazama mlango wa kutokea.

Mahrokh alikuwa amevumilia vya kutosha. Akamsogelea sikioni.

"Hiyo ni adabu au unakimbia?"

"Ni adabu, mpenzi wangu."

"Basi mimi leo sina adabu. Twende." Akamshika kiwiko, akamsukuma ndani, akafunga mlango, yeye akabaki nje.

Daktari Golnar alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya upole na mikono isiyo na papara. Msaidizi wake, Parvane, alikaa kwenye kompyuta tayari kuandika. "Umetutia nuru, baba," alisema daktari akimwonyesha kiti. Manuchehr akajibu kwamba nuru ni yake daktari, yeye ni vumbi la mlangoni, na baada ya kubishana kidogo nani ni nuru na nani ni vumbi, akakaa.

Daktari hakukimbilia mdomo. Alianza na maswali. Dawa gani anatumia? Ya presha, kidonge kimoja asubuhi. Kuna dawa inayomdhuru? Hakuna. Sigara je?

"Niliacha, daktari."

"Lini?"

"Mahrokh alipojua."

Parvane akachekea puani, akaandika.

"Na mdomoni, kuna chochote kinachokusumbua? Maumivu, damu, jino linalocheza?"

Loo! Swali lenyewe ndilo hilo, limewekwa mbele yake wazi. Manuchehr akaweka mkono kifuani. "Kwa dua zako, daktari, kila kitu salama."

Daktari akalaza kiti. Kwanza aliweka vidole mbele ya masikio ya Manuchehr, akamwambia afungue na kufunga taratibu, huku akisikiliza kwa ncha za vidole kama taya linakwama. Halikukwama. Akapapasa chini ya taya na pande zote mbili za shingo akitafuta tezi zilizovimba. Hakuna. Kisha akavuta taa, akaingiza kioo kidogo, akapindua mdomo wa chini, akapindua wa juu, akaangalia mashavu kwa ndani. Akaushika ulimi kwa kitambaa cha pamba, akauvuta kulia akatazama, akauvuta kushoto akatazama, akaunyanyua akatazama chini yake.

"Hapa chini ya ulimi napaangalia vizuri kila mara," alisema. "Mabaya hupenda kujificha hapa, na yakiwa madogo tunayawahi. Wewe ni msafi, baba, usiogope."

Manuchehr, ulimi wake ukiwa mkononi mwa mtu, alijitahidi kusema mkono wako usiume. Ilitoka kama mbuzi.

Ndipo yakaja meno, moja moja, kuanzia gego la mwisho la juu kulia. Daktari aligusa kila jino kwa ncha yake ya chuma, akapuliza upepo, akamtajia Parvane: zima, zima, hili limezibwa zamani na kizibo bado kizuri, zima. Parvane akawa anaandika. Manuchehr aliyahesabu moyoni akijua wanakuja mbele, na walipofika mbele akafumba macho.

Daktari alibadilisha chombo. Sasa alishika kijiti chembamba chenye alama za kupimia, anakiteremsha taratibu kati ya ufizi na jino kuona kinazama kiasi gani. Huko nyuma alikuwa akitaja mbili, mbili, tatu, ndivyo panavyotakiwa kuwa. Hapa kwenye mwanya akataja nne. Kisha akataja tano.

"Panauma hapa?"

Machozi yalikuwa yamemjaa Manuchehr machoni. "Mkono wako usiume, daktari."

"Siulizi mkono wangu, baba, nauliza ufizi wako."

"Ufizi ni wako, daktari. Nimekupa zawadi."

Daktari akacheka, kwa sababu wote tumelelewa hivyo na anayesema vinginevyo mwongo. Akarudi na kioo chake, akakigeuza aone nyuma ya meno ya mbele, na hapo akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta alichotegemea. Kulikuwa na kijishimo kilicholika, laini, pale mwanyani kwa ndani.

"Ahaa! Mbegu."

Msishangae. Isfahani nzima tunabangua mbegu za tikiti kwa meno ya mbele, tukitembeleana, tukitazama mpira, tukisubiri maiti izikwe, na kila daktari wa meno wa mji huu anaona kijishimo cha mbegu asubuhi na jioni. Lakini Manuchehr alizichukia mbegu tangu utotoni.

"Unazibangulia kwa ndani, baba? Sijaona bado mtu wa hivyo."

Akisema si mbegu, ataulizwa ni nini. Akisema ni nai, ataambiwa aiache. "Kila mtu na namna yake, daktari," alisema.

"Basi nitakufanyia jambo. Mgonjwa wangu anayefuata ameahirisha, nafasi ninayo. Nitakusafisha ugaga wote ulioganda menoni, kisha kijishimo hiki nitakiziba, na huu mwanya nao nitauziba hapo hapo. Utatabasamu kama bwana harusi."

Manuchehr akaweka mkono kifuani. "Nisikutie taabuni, daktari," alisema.

"Taabu gani! Furaha yangu."

"Mikono yako ni ya kazi kubwa kuliko mdomo wangu."

"Usiseme hivyo, baba. Mdomo wako una heshima yake."

"Sistahili, daktari. Kweli sistahili."

"Unastahili na zaidi. Parvane, lete vipande vya rangi."

Basi ndivyo mtu anavyonaswa kwetu. Kwetu anayepewa kitu hukataa mara mbili tatu ndipo akubali, na asiyekataa huonekana hana kwao. Manuchehr alikataa kwa kila namna aliyofundishwa na mama yake, na kila alivyozidi kukataa ndivyo daktari alivyozidi kumsikia akikubali. Parvane akaleta kishada cha vipande vidogo vya rangi ya meno, vyeupe, vya manjano, vya kijivu, daktari akavisogeza kimoja kimoja kwenye mwanya kutafuta kinacholingana. "Hiki hapa. Hata mkeo hatajua palikuwa na mwanya."

Hata mkeo hatajua. Manuchehr alisikia hayo akiwa chali, mdomo wazi, taa usoni. Ugaga! Sokoni kila mtu anajua kwamba ugaga ukitolewa meno hulegea. Jirani yake wa duka la mazulia alisafishwa, na tangu hapo anakula mkate wa kuchovya. Na baada ya kulegezwa jino, anazibwa mwanya! Daktari alichukua chombo, akakanyaga pedali, kikaanza kupiga ukelele mwembamba, matone ya maji yakamrukia Manuchehr kidevuni. Chombo kikakaribia.

Akamshika daktari mkono.

"La," alisema.

Chombo kikanyamaza. Parvane akaacha kuandika. Manuchehr mwenyewe alishtuka kuliko wote, kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu neno hilo hivi hivi, bila ya dua mbele wala samahani nyuma. Akaliona limetoka, na dari haijaanguka.

"La, daktari. Usizibe. Sibangui mbegu, sizipendi. Mimi napiga nai. Hapo ndipo inapokaa."

Daktari Golnar aliteremsha barakoa yake, akakaa kwenye kigoda. "Nai? Ya menoni, hii yetu?"

"Hiyo."

"Na mimi nataka kuizibia mahali pake kwa mikono yangu miwili!" Akajipiga paji la uso. "Lakini baba, nilikuuliza!"

"Nami nilikataa. Mara tatu!"

"Ulikataa kwa adabu!"

"Ningekataaje sasa?"

"Kama ulivyokataa hivi punde! Wanakaa hapo wote, wananiambia usijisumbue, nisipojisumbua wanakwenda kunisema mtaani. Nitajuaje la kweli ni lipi?" Alikuwa amekasirika kidogo na anacheka kidogo, na Parvane alikuwa amejificha nyuma ya kompyuta mabega yanamtikisika. "Haya, na mimi nimekosea, niliona kijishimo nikajijibu mwenyewe. Tunaanza upya. Humu ndani, baba, mkono wangu usiuombee chochote. Nikikuuliza, unanijibu kama unavyomjibu mtu anayekupunja sokoni. Panauma?"

"Panauma."

"Sana?"

"Sana, Mungu anisamehe. Uliponichoma kile kijiti niliwaona marehemu wangu wote."

"Panatoka damu?"

"Panatoka."

"Jino linacheza?"

Manuchehr akatazama dari, akatazama mikono yake. "Linacheza," alisema. "Nawe utaling'oa, nami sitapiga tena."

"Nani kasema naling'oa? Ngoja nilione kwanza." Akalishika jino kwa vishikio vya vyombo viwili, mbele na nyuma, akalitikisa taratibu. Likasogea kidogo. Akamvalisha aproni nzito ya risasi, akampiga picha ya eksirei, akamgeuzia kioo cha kompyuta ili waione pamoja: mizizi mirefu ya yale meno mawili ya mwanya, ndani ya mfupa.

"Mfupa umepungua kidogo hapa chini, unaona? Lakini huku bado unalishika. Jino hili halijataka kuondoka. Linalolisumbua ni hili." Akamwonyesha kwa kioo, nyuma ya mwanya, tuta la ugaga mgumu wa kahawia lililojaa mpaka chini ya ufizi. "Mbona meno mengine unayapiga mswaki vizuri, hapa hujapagusa?"

Manuchehr aliona haya kweli kweli. "Hapo sipagusi. Nilikuwa napatunza. Naogopa mswaki usije ukaharibu mahali pa nai."

"Umepatunza mpaka pameoza ufizi."

"Lakini sokoni wanasema ugaga ndio unaoshika meno. Ukitolewa yanalegea."

"Yamelegea tayari, ila ugaga unaficha. Sikudanganyi: nikiutoa utasikia nafasi imeongezeka, na chai ya moto itakuchoma siku mbili tatu. Kisha ufizi utapona na utalikaza. Ukiuacha, ndipo mwakani tutazungumza habari za kung'oa."

"Na nai?"

Daktari akafikiri. "Sijui," alisema. "Meno nayajua. Nai sijui itasemaje. Ungekuwa nayo hapa tungejaribu."

"Iko nyumbani."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mahrokh, mkoba begani, na kwa uso wake hakujisumbua hata kuficha kwamba alikuwa ametega sikio. Akatoa mkobani kitu kirefu kilichofungwa kitambaa cha hariri kutoka dukani kwao.

"Haiko nyumbani," alisema.

Manuchehr aliinuka kwenye kiti nusu. "Umejuaje, Mahrokh?"

"Shaba yake anaifuta nani kila Ijumaa? Damu nimeiona tangu joto halijapoa. Nilikuwa nasubiri useme. Ukawa mwepesi wa kusema kama hili jiwe la ukuta."

Manuchehr akapiga kidogo kwanza, kabla ya kusafishwa, ili wajue ilivyokuwa. Sauti ilitoka na upepo mwingi, imekwaruza kidogo pembeni, lakini ni nai. Parvane akapiga makofi. "Mkono wako usiume," alisema Mahrokh, akaichukua nai, akakaa nayo kwenye kiti cha pembeni.

Daktari akachoma dawa ya ganzi. "Pakiuma, nyanyua mkono. Usiniombee dua, nyanyua mkono." Ukelele ukaanza, maji yakaingia, bomba likafyonza. Manuchehr alinyanyua mkono mara nyingi wala hakuona haya hata kidogo, na kila akiunyanyua daktari aliacha, akasubiri, akaendelea. Vipande vya ugaga vilidondoka sahanini, kimoja kikubwa mpaka Parvane akamwonyesha Mahrokh, na Mahrokh akasema, "Mungu wangu, amekuja na kokoto za mto mzima." Mwisho daktari akayasugua meno kwa dawa laini yenye ladha ya mnanaa, wakasubiri ganzi ipungue, Manuchehr akasukutua.

Akapitisha ulimi. Palikuwa pageni. Nafasi, kona, ukingo, hakupajua. Akaichukua nai kwa mikono yote miwili, akaipachika, akapuliza.

Upepo mtupu.

Akapuliza tena. Upepo. Akapanga vidole upya juu ya matundu, ikawa vile vile. Daktari Golnar alikuwa amesimama na glovu zake hajazivua. "Imekwisha," alisema Manuchehr, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Nilijua. Imekwisha."

"Isogeze," alisema Mahrokh.

"Niisogeze wapi, mama? Hapa ndipo inapokaa siku zote."

"Si siku zote. Ulipokuwa kijana uliinamisha kichwa kulia. Nilikuwa nakutania kwamba unasikiliza umbea wa jirani. Kisha ukaacha. Inamisha."

Akainamisha. Ncha ya shaba ikateleza ndani ya mwanya kuliko ilivyokuwa ikiingia, ikakaa, na ulimi ukaikuta mahali ambapo ulikuwa umepasahau. Akapuliza taratibu sana, kwa kuogopa.

Ikaja. Ikaja nene, ya chini, yenye joto, bila mkwaruzo wowote, ikajaza chumba mpaka dirishani. Manuchehr akafungua macho kwa mshangao, akaendelea, akateremka nayo, akapanda nayo. Huko nje mazungumzo ya wagonjwa yalikatika yote. Fundi wa taa akasikika akisema, "Ee Mungu," kutoka juu ya ngazi.

Alipoishusha, Mahrokh alikuwa analia waziwazi, hajifuti.

"Ndiyo hii," alisema. "Ndiyo hii, Manuchehr. Nami nilidhani ni masikio yangu."

"Masikio yako yana nini?"

"Miaka sijui mingapi sasa, kila ukipiga nasikia kama ina vumbi. Nikasema basi, nazeeka, sisikii tena vizuri. Nikanyamaza."

"Na kila Ijumaa unaniambia mkono wako usiume!"

"Ningekuambia nini? Wewe unaniuliza kama nimefurahi!"

Wakatazamana hao wawili, yeye aliyeficha jino na yeye aliyeficha masikio, wamekula sahani moja miaka yote hiyo, na kila mmoja anamlinda mwenzake. Manuchehr akaanza kucheka, mwanya umeonekana wote, na Mahrokh akamfuata akiwa bado na machozi. Daktari akawaacha wacheke. Kisha akachukua mswaki mpya na meno ya plastiki, akamwonyesha Manuchehr namna ya kupiga nyuma ya meno ya mbele, mswaki umesimamishwa wima, na namna ya kupitisha uzi mwanyani bila kuchana ufizi. Akataka amwone tena ufizi ukishapona, na baada ya hapo kila miezi sita.

"Na uje na nai," alisema. "Nitaiandika kwenye taarifa zako, ili hata nisipokuwepo mtu asije akaziba."

"Niwe sada—" alianza Manuchehr.

"Baba!"

"Nitakuja," alisema.

Chai ilimchoma kweli siku zilizofuata, akapiga kelele kila ilipomchoma, na Mahrokh akamwambia afadhali alipokuwa na adabu. Lakini alipiga mswaki asubuhi na jioni, wima, kama alivyoonyeshwa, na kila alipotema alitazama rangi. Ilikuwa bado nyekundu. Kisha ikawa ya waridi. Wiki ya tatu, Ijumaa, alitema maji meupe, akamwita Mahrokh aje ayaone, naye akaja, akayaona, akasema Mungu ametufikisha mbali, tunaitana kutazama mate.

Wakala mkate na jibini. Manuchehr aling'ata tufaha, akaliweka sahanini upande ulioliwa ukiwa juu. Kisha akachukua nai, akainamisha kichwa kulia, akapiga nyimbo zake mbili, na jino la kushoto likatulia mahali pake.

Alipomaliza, alifungua mdomo kuuliza swali lake la kila Ijumaa, akajizuia.

"Ilikuwaje?" aliuliza.

Mahrokh alimimina chai, akaweka kipande cha sukari kando ya kikombe cha mumewe.

"Ya kwanza imenifurahisha mpaka basi," alisema. "Ya pili umeiharibu."

Manuchehr alimtazama. Tangu amwoe hakuwahi kusikia maneno hayo, na furaha iliyompanda kifuani hakuwa ameitegemea.

"Nimeiharibu wapi?"

"Katikati, pale unapopanda. Umekimbia. Rudia."

Akairudisha nai mwanyani, akarudia.